Jina Kavu Halikubaliki

Juzi nilikwenda ofisini alikofanya kazi marehemu mume wangu, hapa Bagamoyo, kutafuta mkataba wa kiwanja chetu cha Mapinga uliobaki kwenye barua pepe yake. Neno la siri aliniachia, lakini kompyuta ilikataa jina lake mara tatu.

"Mama, inasema mtu huyu hayumo," fundi wa kompyuta wa pale ofisini akaniambia.

"Inasema kweli, mwanangu."

Fundi akakuna shingo, akafungua orodha ya majina ambayo kompyuta huikagua. Karani wa ofisi, kwa adabu, alikuwa ameandika "Marehemu" mbele ya jina la mume wangu. Fundi akaandika jina hivyo hivyo, barua zikafunguka. Mkataba ulikuwemo, alhamdulillahi.

"Nilifute neno hili 'Marehemu'?" fundi akauliza.

Nikamwambia aliache. Mashine inayokataa kumtaja mume wangu kwa jina kavu siioni kuwa mbovu.