Mkoba Usiokuwamo Kitabuni

Jina lake halisi lilikwishasahaulika pale karakanani. Walimwita Redio, kwa kuwa sauti yake ilipenya kelele za cherehani bila yeye kupasua koo. Wote walikuwa washonaji wa sare za shule, na walijiwekea utaratibu wao: Redio anawasomea riwaya, wenzake wanagawana sketi zake wamshonee. Msimamizi alinuna mwanzoni, lakini alipoona kazi inakwenda, naye akaanza kusogeza kiti.

Safari hii kitabu kilikuwa cha kutisha. Si mambo ya mizimu, la. Ni yale mtu anayoyafukia moyoni akidhani yameoza. Mke wa mtu, nyumba safi, mume mpole, anaanza kuletewa vifurushi visivyo na jina la mtumaji. Ndani mna kipande cha shuka ya buluu, basi. Washonaji walikisia ni cha nini mpaka wakajichoma sindano vidoleni.

Jibu macho ya Redio yaliliona kabla ya mdomo wake. Ni shuka ambayo yule mke alimviringishia mtoto wake mchanga, akamwacha kwenye benchi la hospitali, kabla hajaolewa.  Redio benchi lile alilijua. La kwake lilikuwa la zahanati, asubuhi, na hakugeuka nyuma.

Mbele yake alikaa wifi yake, mtia vifungo. Huyu ndiye aliyemchagulia kaka yake Redio awe mke, akawaapia wazee kwamba binti huyu anamjua nje ndani. Redio akaacha yaliyoandikwa, akasoma kwamba shuka ile ilitumika kufungia mkoba wa wizi.

Basi ikawa kazi. Mtoto akilia kitabuni, mkoba unafunguka. Mtoto akikua, mkoba unauzwa. Mshona kola akauliza ni mwanamke gani anayelilia mkoba miaka yote hiyo. Angalau lingekuwa friji. Wakacheka, na Redio akacheka nao huku jicho likitangulia mstari unaofuata.

Njia ya mwongo ni fupi. Msimamizi alimwita stoo apokee vitambaa, naye akaacha kitabu kitini. Hadithi ilikuwa imefika patamu, nani angesubiri? Aliporudi alimkuta mshona kola anasoma, na wenzake wanabishana: huyu mtoto katoka wapi, na mkoba uko wapi? Wakarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Mkoba haukuwamo.

"Redio, umetuchezea," mshona kola akasema.

Waliona ni utani. Wakamhukumu ashone sketi zake mwenyewe wiki nzima, wakamrundikia mapajani. Akaupokea ule utani kwa mikono miwili, akasema alitaka kuona kama wanasikiliza. Alidhani amepona.

Wifi yake hakucheka. Kifungo kilikuwa bado vidoleni. Alikuwa anakumbuka jinsi mke wa kaka yake asivyopakata mtoto wa mtu, hata kwenye sherehe, na jinsi yeye mwenyewe alivyomtetea nyumbani kwamba ana haya tu. Akavuta kigoda karibu, akainamisha kichwa kana kwamba anaomba mkasi.

"Wifi," akasema taratibu, "wa kwako alikuwa wa kike au wa kiume?"

Redio alikuwa na majibu ya kila swali, ameyatunza miaka na miaka. Angeweza kukasirika, angeweza kuapa. Lakini hilo hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote, na kumbe ndilo alilotamani kuulizwa.

"Wa kike," akasema.

Wifi yake akatikisa kichwa polepole. Akakata uzi, akafunika kopo la vifungo, akaenda kumwomba msimamizi ruhusa ya kuwahi nyumbani kwa wazee aliowaapia.