Mrututu Kwenye Kidimbwi cha Baba Mkwe

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Uzee umenipa magoti mabaya na meno ya kuhesabika, lakini siku hiyo ninayo tangu nina miaka kumi na tisa.

Nilikuwa mkamwana mpya hapa Kawetele, sijamaliza hata mwaka. Baba mkwe alikuwa na kidimbwi bustanini, kati ya migomba na kahawa, maji yake yakifika magotini tu. Mfereji mwembamba uliyaleta maji kutoka juu, mwingine ukayatoa kwenda chini kwa majirani. Ndani kulikuwa na perege wachache, na ukingoni jiwe bapa alilopenda kukalia akitoka shambani. Mama mkwe alinikabidhi kidimbwi hicho siku chache tu baada ya harusi. Kazi yangu ilikuwa kuopoa majani ya migomba yaliyoangukia humo, kulisha samaki, na kuhakikisha maji yanabaki maangavu.

Ninyi wa siku hizi mnakaa sebuleni na baba wakwe zenu mnatazama mpira. Sisi tulikuwa na kutila, kumwogopa mkwe. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakutani naye njiani. Ukimsikia anakohoa unajitupa kwenye migomba, unajifunika kanga, unangoja apite. Naye vilevile, hata akikuona, hakuoni. Kwa hiyo nilikuwa nahudumia kidimbwi cha mtu nisiyemjua sura. Nilizijua nyayo zake kwenye matope na kikohozi chake, basi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo. Nilitaka perege wanenepe upesi ili nisifiwe, nikawa nawamwagia pumba asubuhi, mchana na jioni. Walikula walichoweza, iliyobaki ikaozea chini. Kiangazi kilipoingia mfereji ukapungua, jua likapiga, maji yakageuka kijani kizito, ukizamisha mkono huoni vidole. Mama mkwe akaniambia tukiwa jikoni, bila kuinua uso kutoka kwenye ndizi alizokuwa akimenya: "Mzee wangu anauliza kama kidimbwi siku hizi kina mtu au hakina. Na Jumamosi wazee wa kanisa wanakuja."

Alisema hivyo tu. Mke mmoja wa jirani alikuwa amerudishwa kwao muda si mrefu kwa kuitwa mvivu, nami nilijiona tayari njiani na sanduku langu kichwani. Ningeweza kumuuliza mama mkwe nifanye nini. Sikuuliza, maana kuuliza kungekuwa kukiri kwamba nimeharibu.

Stoo kulikuwa na mrututu, yale mawe ya bluu tuliyokuwa tukiyayeyusha na kupulizia kahawa inapougua. Nyumbani kwetu niliwahi kumwona kaka yangu akiumwaga kwa bahati mbaya kwenye mawe yenye ukungu wa kijani, na ule ukungu ukafa. Nikawaza, kama unaua kijani cha kwenye jiwe, utaua na cha kwenye maji. Hiyo ndiyo akili ya mtu aliyeshikwa na hofu, mwanangu, huwa inakimbia kweli lakini haitazami inakokwenda. Alhamisi nilitwanga kopo zima, nikaloweka kwenye ndoo, nikamwaga.

Ijumaa jioni chini palianza kuonekana. Mama mkwe alisimama pale akashika kiuno. "Eee, ndaga fijo, asante sana, mwanangu! Umeyaweza." Nilifurahi mno, nikataka kuzidisha. Jumamosi asubuhi, kabla ya wageni, nikaleta kopo la pili na kulimwaga palepale penye jiwe bapa, ili pang'ae kuliko kwingine.

Nikiwa na ndoo tupu mkononi ndipo nilipomwona perege wa kwanza. Alikuwa anaelea kwa ubavu. Wa pili alikuwa kando yake, na wengine watatu wamekwama kwenye majani ya ukingoni. Nilizungusha macho kutafuta vyura, sikumwona hata mmoja. Kabla sijajua nifanye nini, nikasikia kikohozi. Baba mkwe, ambaye saa ile hukaa kwenye kahawa, alikuwa anakuja. Nikajitupa kwenye migomba.

Alikuwa anamvuta ndama kwa kamba, ndama mwekundu aliyempenda kama mtoto. Ndama akainamisha kichwa penye jiwe, akaanza kunywa.

Mwanangu, nilikuwa hatua kama kumi tu. Mdomo ulifunguka, sauti ikagoma. Nilijiambia labda ng'ombe hadhuriki. Nilijiambia hivyo kwa sababu nilitaka kubaki nimejificha, nisivunje kutila, nisijulikane. Ndama akanywa, akainua kichwa, akanywa tena, nami namtazama. Kisha mzee akapiga goti juu ya jiwe, akayaangalia yale maji maangavu, akatabasamu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona uso wake. Akachota kwa kiganja.

"Tata! Baba! Usinywe! Nakuomba usinywe!"

Maji yakamwagika. Hakugeuka kunitazama. Alisimama akanipa mgongo, kama ilivyopasa, akasema akiwa ameielekea kahawa: "Kuna nini humu?"

"Mrututu, tata. Nimetia mimi."

Alikipangusa kiganja kwenye nguo yake. Halafu akasema, polepole: "Yale ya kijani nisingeyanywa. Haya nimeyapenda kwa macho, nikainama." Akanyoosha mkono kuelekea kwa majirani. "Kazibe mfereji wa chini. Kisha nenda kwa majirani, nyumba hadi nyumba, waambie wasichote. Sema ni wewe uliyetia."

Niliziba mfereji kwa matope na mikono yangu, nikakimbia. Kwenye nyumba ya kwanza mama mmoja alikuwa anamwogesha mtoto kwa maji ya mfereji, na mtoto anacheka maji yakimwingia mdomoni. Nilimnyang'anya beseni nikalimwaga uani. Yule mama alinitazama kama mwehu. Nilipomweleza akamkumbatia mtoto wake akaanza kulia, nami nikalia naye, kisha nikaenda nyumba ya pili. Wiki nzima nilikuwa napita karibu na ua ule nikitega sikio, nisikie kama mtoto bado anacheza. Alikuwa anacheza. Mungu alinihurumia bila mimi kustahili.

Ndama hakuhurumiwa. Alianza kutoa povu mchana uleule, wageni wakiwa ndani na chai yao, na kesho yake akafa.

Sikurudishwa kwetu. Baba mkwe aliagiza kidimbwi kikaushwe, matope yafukiwe mbali na mfereji, na mkamwana afundishwe upya. Mama mkwe akanifundisha. Yule mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hatukusemezana tena hata neno moja. Lakini nilimsikia mara nyingi, kupitia ukuta, akiwaambia wageni kwamba mkamwana wake alivunja kutila ili kumwokoa. Aliamini nilifika pale alipokuwa anapiga goti. Nilikuwa nasikia huku nikikoroga chai jikoni, na uso unaniwaka. Hakuna aliyeniuliza kuhusu ndama, nami sikusema.

Sasa nakuambia wewe, uliyechimba kidimbwi chako huko Msasani na unataka maji yaangaze kufikia kesho. Opoa majani kila siku, hata siku ya mvua. Chakula cha samaki kiwe kile wanachokimaliza mbele ya macho yako. Otesha majani ya majini upande mmoja yawape kivuli, maana jua na uchafu wa chini ndivyo vinavyoleta ule ukijani. Tope litoe kidogokidogo, upande huu leo, upande ule wiki nyingine. Maji yakigeuka, vumilia na usafishe kwa mikono. Usitie kitu usichojua kinaua nini, hata muuza duka akikuapia. Na maji yakiwa maangavu lakini hayana konokono, hayana chura, hayana hata mdudu, yaogope hayo kuliko ya kijani.

Lililo kubwa ni hili. Utakosea, mwanangu, hakuna namna. Ukikosea, usiende kujificha kwanza ukatazama kama madhara yatakuja au hayaji. Piga kelele wakati bado ni kidimbwi tu kilichoharibika. Aibu ya kusema niliionja nyumba hadi nyumba, ikaisha siku ileile. Ile ya kunyamaza ninayo mpaka leo.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, na wote watakaopiga goti kunywa kwako. Akupe subira ya kuyangoja maji, na siku ya kosa lako akufungue mdomo wakati ndama bado yuko njiani.