Taa Niliyoielekeza Ziwani

Mke wangu alitaka taa mbili ndogo kando ya njia ya bustani, za kutuonyesha tu pa kukanyaga. Mimi nilikataa. Ndiyo kwanza tulikuwa tumerudi kutoka Kongo na kupata nyumba Gisenyi karibu na ziwa, nami nilitaka ionekane. Nilivuka mpaka pale Petite Barrière, nikanunua Goma taa kubwa kama ya uwanja wa mpira, nikaifunga juu ya nguzo, uso ziwani.

Asubuhi ya tatu jirani yetu, mvuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hili wanaovuliwa usiku kwa taa, alikuja na ndoo tupu.

“Papa, usiku mwezi ikiwaka samaki hawafuate taa zetu, tunalala tu nyumbani,” alisema. “Bon, sasa we umetuletea mwezi ya kila siku.”

Nilinuna, lakini nilipanda ngazi nikaigeuza taa itazame nyumba. Jioni nilipoiwasha, ilimulika kamba ya nguo, uzio ulioanguka, na magugu yaliyofika magotini. Mke wangu aliitazama bustani, akaingia ndani, akarudi na jembe, akanishikisha.