Sindano ya Goti Kabla ya Kutolewa Mwali

Kilichonitoa nyumbani ni wivu, sitaficha. Zena, mdogo wangu anayekaa Kilakala, kule mjini, alikuwa na goti bovu kama langu. Kisha akachomwa sindano, na mjukuu wake alipotolewa mwali alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Mimi nilikaa mkekani nikipiga makofi, roho ikiniuma. Nikamuuliza kwa sauti tamu, "Hiyo dawa itaisha lini, mdogo wangu?"

Sasa ilikuwa zamu ya mjukuu wangu, Mwanahawa. Kwetu bibi ndiye hutangulia kucheza mbele ya mwali. Nikishindwa mimi, nafasi ni ya Zena. Afadhali ngoma isilie kabisa!

Alfajiri nilishuka mlimani kwa bodaboda, na kila shimo lilinikumbusha goti. Nilipofika Mlali, barabarani, nikapata gari la mjini, nikabanwa na matenga ya kabichi.

Hospitalini nilipokewa na daktari, binti mdogo. Aliniamkia, akalibonyeza goti.

"Bibi, gegedu la kati ya mifupa limelika. Sindano inatuliza uvimbe na maumivu, hairudishi goti jipya. Wengine wanapata nafuu wiki kadhaa, wengine miezi, wengine hawaoni kitu."

"Nichome ile ile aliyochomwa mdogo wangu."

Akacheka, akasafisha goti, akachoma. Iliuma kidogo tu.

"Siku mbili tatu usipande mlima wala usicheze ngoma. Halafu uanze mazoezi ya mapaja."

Kwa hiyo mchana nilikwenda kujipumzisha Kilakala. Zena alifungua mlango akishika ukuta.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Vipi tena?"

"Limerudi. Mwenzio nilichomwa leo, kesho yake nikacheza. Ngoma inalia, utakaaje?"

Mungu anisamehe, nilifurahi. Alinipikia ndizi na maharage huku akichechemea, nami nimenyoosha mguu kwenye kochi lake. Sikuinuka hata kuchota maji.

Siku ya nne nilirudi mlimani goti likiwa jepesi. Safari ile ilinifunza kwamba sindano bila kupumzika ni kazi bure, nami nilipumzika kwa bidii.

Siku ya ngoma nilitangulia mbele ya Mwanahawa, nikacheza mpaka vumbi likatimka. Zena alikuwa mkekani, mahali pangu pa zamani, akipiga makofi. Nilipokaa kuvuta pumzi, alinifuta jasho kwa kanga yake.

"Umecheza, dada," akasema kwa sauti tamu sana. "Hiyo dawa itaisha lini?"