Pete ya Vitaa Kumi na Viwili

Nasiba alikuwa mtu wa kompyuta, na kwa kompyuta haambiliki. Katika karakana moja ya Jinja ndiye aliyechora bodi za umeme, zile sahani nyembamba zenye njia za shaba. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa taa ya wakunga: pete ya vitaa kumi na viwili, kila kimoja kikichungulia kwenye tundu lake katika kifuniko cha bati. Bodi zilitengenezwa Jinja. Vifuniko vilitoka Mbale, kwa baba yake mwenyewe, Mzee Fadhul, fundi bati asiyejua kompyuta inawashiwa wapi.

Basi ikafika siku bodi na vifuniko vikagoma kuoana. Vitaa vya mwanzo vilikaa sawasawa. Vya mwisho vikajificha nyuma ya bati. Bwana Geresom, mwenye karakana, hakumung'unya maneno. "Macho ya mzee yamechoka. Kazi hii nitampa mwingine."

Na Nasiba, jamani, mtoto wa kumzaa, akaafiki. Akasema kompyuta haikosei.

Jumamosi alikwenda Mbale kumpa baba yake habari, mkononi ana mchoro aliouchapa kwa ukubwa ule ule wa bodi. Kwamba na yeye aliafiki, hilo alilimeza.

Mzee hakubisha. Alichukua bikari, akaipanua toka tundu la kwanza hadi la pili, akaitembeza juu ya bati hatua kumi na mbili. Ikarudi pale pale ilipoanzia. Akaipima upya kwenye karatasi ya binti yake, akaitembeza vilevile. Hatua ya kumi na mbili ikaishia njiani, pungufu kwa unene wa kucha.

"Duara lako halifungi, mama," akasema taratibu.

Nasiba aliona haya mpaka masikio yakawaka. Halafu akacheka, maana alishaelewa: kila alipozungusha kitaa kimoja kupata kinachofuata, programu ya kuchorea ilipunja pembe kidogo, na kila kitaa kikarithi upungufu wa mwenzake. Hapo hapo, kwenye meza ya mabati, akachora upya, kila kitaa akikipimia kutoka kile cha kwanza. Duara likafunga. Kisha akawaandikia waundaji wa programu ile, watu wa mbali wanaoitoa bure, akawaeleza kosa na jinsi bikari ya Fadhul, fundi bati wa Mbale, ilivyolifichua.

Geresom alipiga simu mwenyewe kumwomba mzee radhi, na vifuniko mia zaidi.

Miezi miwili baadaye likatoka toleo jipya, kosa limerekebishwa, na chini yake orodha ya shukrani. Nasiba akaibeba kompyuta hadi Mbale, akamwonyesha baba yake mstari mmoja: Fadhul, fundi bati, Mbale.

Mzee akavaa miwani, akausoma kimya. Furaha ilimjaa Nasiba hadi ikamtoa lile alilolimeza.

"Baba, siku ile hata mimi nilisema ni macho yako."

"Najua. Geresom aliniambia kwenye simu." Hakuinua uso kutoka kwenye kioo cha kompyuta. "Sasa nisomee tena, mama, kwa sauti. Majirani wasikie."