Ruhusa ya Kwenda Msibani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naacha ninachofanya na kukaa chini. Ilikuwa mchana, nyumbani kwetu Malvern, hapa Johannesburg, siku ya pili ya msiba wa baba yangu. Mama alikuwa amekaa kwenye godoro sebuleni, mimi ubavuni mwake, akanigeukia na kuniuliza swali. Nitakufikisha hapo. Kwanza nikueleze nilikuwa nani wakati huo, maana umechaguliwa juzi tu kushika kiti nilichokikalia mimi, na masikio yako bado yamejaa makofi.

Usicheke ninapokuita mwanangu. Najua mvi zangu zinahesabika. Ila mtu akishamaliza chuo, akarudi kuwa mlezi wa vyama vyenu, kwenu tayari ni bibi, nami ubibi nimeupokea.

Mwaka 2016 nilikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya vyama vya kina dada, hapa hapa chuoni Doornfontein. Vyama vilikuwa vinne, na desturi zilikuwa hizi hizi mlizozikuta. Msichana anaingia mwaka wa kwanza, chama kinamchukua, anapewa dada mkubwa wa kumshika mkono, na siku ya kuvishwa kitenge cha chama anaambiwa kwamba sasa ana ndugu Johannesburg. Kwa watoto wa wakimbizi na wachuuzi kama sisi, ambao shangazi zetu na mama zetu wadogo walibaki Uvira, Bujumbura na Kigoma, neno hilo halikuwa la mchezo. Dada zako wa chama ndio waliokuja ukiugua. Ndio waliokaa nawe chini ukifiwa.

Na kwenye kufiwa ndipo palipokuwa na ugomvi. Mwaka uliotangulia, msichana mmoja alifiwa na kaka yake, vikatokea vyama viwili, kila kimoja kimevaa kitenge chake na kubeba sufuria zake, vyote vikidai mfiwa ni wao. Waligombania jiko. Walinyang'anyana miko mbele ya wazee wa kanisa, mmoja akammwagia mwenzake uji, na mfiwa mwenyewe ndiye aliyeinuka kuwaamua. Aibu ile ilizunguka mji, ikatufikia hata kutoka kwa watu tusiowajua.

Basi nilipochaguliwa nikasema mambo hayo yatakoma. Nikaweka kanuni: mtu akifiwa, chama chake peke yake ndicho kitakachokwenda kukaa naye. Dada wa chama kingine asitie mguu pale bila ruhusa, na ruhusa hiyo aitoe mwenyekiti wa halmashauri, yaani mimi. Wengine wote watamtumia mfiwa pole kwa simu, na maneno ya pole hiyo nikayatunga mwenyewe, yawe yale yale kwa kila mtu, asije mmoja akaonekana kupendwa kuliko mwingine. Kisha nikaongeza jingine lililonipendeza zaidi: mwenyekiti asiwe na chama kwa mwaka wake wote, ili asipendelee. Nikakivua kitenge changu mbele ya mkutano, nikakikunja vizuri, nikakirudisha kwa kiongozi wa chama changu. Walipiga makofi, wengine wakalia. Nilijiona mtu mkubwa sana siku ile.

Aliyesita alikuwa makamu wangu, Mwanaidi, msichana wa Tanga, mtu wa maneno machache ambaye Ijumaa alikuwa hakosi kwenda kuswali msikitini Mayfair. Aliniuliza pale pale, "Dada Riziki, na wewe likikufika jambo, nani atakwenda?"

"Mimi nina Mungu," nikamjibu. Mkutano ukacheka. Yeye hakucheka.

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Masomo yalisimama kwa maandamano ya ada, watu walikuwa na hasira, lakini misibani hapakusikika kelele hata kidogo. Viongozi wa vyama walinisifu, na mimi nikiona sifa zinanistahili.

Ndipo baba yangu akafa. Alikuwa mlinzi wa geti la ghala moja mjini, anakesha kule na kurudi asubuhi. Siku ile alirudi analalamika kifua, akanywa chai, akasema alale kidogo. Mchana alikuwa hayupo tena. Nilimpenda baba yangu, mwanangu. Hakuwahi kukaa darasani muda mrefu, lakini kila nilipotoka kwenye mtihani simu ya kwanza ilikuwa yake, na swali lake lilikuwa moja tu: umekula?

Siku ya kwanza nilimtazama kila anayeingia. Walikuja wanaume wa kanisani, wakafunga turubai uani. Walikuja wamama wachache, nao ilibidi waende kazini, warudi jioni. Mchana tulibaki mimi, mama na wadogo zangu, na maji ya chai niliyachemsha mwenyewe. Wadada wa chuo hakuna. Chama changu cha zamani kilijua sikuwa wao tena, na vyama vingine vitatu sikuwa wao kamwe.

Simu yangu ikalia. Ujumbe kutoka kwa Mwanaidi: "Halmashauri ya vyama vya kina dada inakupa pole kwa msiba uliokufika. Mungu akutie nguvu wewe na familia yako." Niliusoma mara ya kwanza nikashukuru. Niliusoma tena nikayatambua maneno. Yalikuwa yangu, nukta kwa nukta, yale niliyoyatunga nikiwa nimekaa starehe na soda mezani. Sikuwa nimejua kwamba yana baridi kiasi kile.

Siku ya pili ndipo mama aliponigeukia.

"Riziki, na wale wadada zako wa masomo, hawana habari?"

"Wanayo, Mama."

"Sasa wako wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya ugomvi wa jikoni, na kanuni, na ruhusa, na kitenge nilichokirudisha. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikia upuuzi wa maneno yangu. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Na nani aliwawekea hiyo sheria?"

"Ni mie, Mama."

Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Uliogopa watagombana jikoni," alisema. "Mie leo ningefurahi wagombane humu mwangu, nisikie sauti za watu." Kisha akasema neno ambalo halijanitoka hadi leo. "Papa yako alilipwa kusimama getini na kuzuia watu. Weye, nani alikulipa?"

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningeweza kukasirika. Niliinama tu, nikalia upya, na sehemu ya machozi yale, Mungu anisamehe, haikuwa ya baba.

Tulizika. Nikarudi chuoni na uso mkavu, nikaendelea na kazi kama mtu asiye na neno. Moyoni nilikuwa nimewachukia wote. Nilijiambia kwamba sheria ni sheria, lakini mtu mwenye utu angekuja tu. Hayo ndiyo niliyoyaficha hadi mwezi wa kumi na moja, tulipokutana viongozi na wanachama kuutafakari mwaka wetu kabla ya kukabidhi.

Mkutano ulikuwa katika darasa moja la ghorofani. Kila kiongozi alisimama na kusema chama chake kilivyokwenda, na karibu wote walisema jambo moja, kwamba mwaka huu hatukugombana. Wakapiga makofi. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mazuri, lakini niliposimama yakanikimbia. Nikasema, "Nilifiwa na baba yangu, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuja. Sitaki mnijibu. Nataka mjue tu kwamba niliona."

 Kisha kule nyuma akasimama msichana wa mwaka wa kwanza, Aline, Mrundi, mpole hata mtu unasahau kwamba yumo chumbani. Hakuwahi kuwa wa chama changu.

"Dada mwenyekiti," alisema, "mimi nilikuja."

Nikamwambia sikumwona.

"Hukuniona kwa sababu sikuingia. Nilipika maharage, nikafunga sufuria na taulo, nikapanda teksi. Jioni nikashuka pale kwenye roboti ya Jules Street, karibu na kwenu. Taa ya magari inakuwa nyekundu, inakuwa kijani, mie nimesimama tu. Turubai nililiona. Nilisikia wanaimba. Nikampigia kiongozi wangu kuomba ruhusa. Akasema, eish, mdogo wangu, ruhusa anatoa mwenyekiti. Na mwenyekiti ni weye, dada. Ningekupigia vipi, nikuombe ruhusa ya kuja kukulilia?"

Akanitazama, akaendelea.

"Nikangoja labda utatoka nje. Hukutoka. Maharage yakapoa, nikarudi nayo. Nisamehe, dada. Niliogopa kukuvunjia sheria yako."

Mwanangu, aliniomba msamaha yeye. Mimi niliyekuwa nimewachukia wote kwa kutokuja, nilikuwa na mtu aliyefika hadi kona ya nyumba yetu na chakula mikononi, na aliyemrudisha ni mimi. Sijui nilivukaje yale madawati. Najua nilimshika, tukalia wawili pale nyuma ya darasa, na Mwanaidi akaufunga mkutano kwa sababu mwenyekiti alikuwa hawezi tena kusema.

Kanuni hiyo tuliifuta wiki ile ile. Na mwaka uliofuata, nisikudanganye, walikorofishana tena msibani, wakapatanishwa baada ya maziko. Nilipopata habari nilitabasamu.

Sasa nikuambie nilichokuitia. Utaweka kanuni, na ni lazima uziweke, maana watu wengi hawawezi kukaa pamoja bila utaratibu. Lakini kabla ya kuiandika, usifikirie wale wanaokuudhi tu. Wagomvi wana njia zao, wataizunguka. Mfikirie yule mpole kuliko wote, anayekuheshimu hadi anakuogopa, kwa sababu yeye ndiye atakayeitii mpaka mwisho. Jiulize kanuni yako itamsimamisha wapi, na akiwa amebeba nini. Usiifanye huruma ya mtu ingoje sahihi yako. Usivue undugu ili uonekane mwadilifu. Uadilifu hautakaa nawe kwenye godoro. Na mtu akikuuliza swali mkutanoni, halafu watu wakacheka, wewe usicheke nao. Nenda nyumbani ukalifikirie.

Ukikosea, na utakosea, uwaulize watu kabla hujawahukumu. Mimi nilikaa na chuki miezi mizima juu ya watu ambao baadhi yao walikuwa wananililia kwa mbali.

Nenda, mwanangu. Mungu aushike mwaka wako, aupe ulimi wako upole na masikio yako subira. Akuzalie ndugu katika mji huu ambao wengi wetu tuliingia bila ndugu. Na siku yako ya huzuni itakapofika, akupe watu watakaoingia kwako bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Amina.