Madume wa Dimbwi la Masalani

Kwetu samaki si chakula cha kusifiwa. Nilipoweka tangi la kioo sebuleni kwangu Garissa, wageni waliuliza kama kile ni kitoweo kinachosubiri sufuria. Mke wangu alichoka kuwajibu. Mimi sikuchoka, nilipenda kuulizwa.

Samaki wenyewe sikuwanunua. Niliwatoa kwenye dimbwi la mvua karibu na Masalani, pale mjomba wangu anaponyweshea mbuzi. Ni wadogo, hawazidi kidole. Mvua ikijaza dimbwi wanatokea, wanakua upesi, wanataga kwenye tope, na jua likikausha maji wanakufa wote. Yanabaki mayai kusubiri mvua nyingine. Jike ni wa kijivu, humtazami mara mbili. Dume ana wekundu na buluu ambayo sijaiona hata kwenye maduka ya vitambaa.

Picha nilizopiga ziliwafikia wafugaji wa samaki Nairobi, nao wakawataka. Dhamiri yangu ilikuwa safi, tena nilijigamba nayo. Mimi ni mtoto wa wafugaji: jike haondolewi ovyo zizini, maana ndiye mali ya kesho, anayeondoka ni dume. Kwa hiyo kila jike aliyenaswa kwenye kipande changu cha chandarua nilimrudisha majini kwa bismillahi, na kila dume nikamtia chupani. Dimbwi lilikuwa na wiki chache tu tangu lijae, hata kutaga walikuwa hawajaanza.

Mjomba alizitazama zile chupa. Yeye na mimi tunaitana abti, kama desturi ya mjomba na mpwa.

"Abti, umeacha mabeberu wangapi?"

Nikamjibu wapo wengi. Kusema kweli, nilikuwa nimechota mpaka rangi ikaisha majini.

Mvua zilizofuata dimbwi lilijaa vizuri. Nilizungusha chandarua asubuhi nzima nikapata viluwiluwi na kinyesi cha mbuzi. Baada ya wiki mbili nikarudi, hali ni ile ile. Niliona aibu kali, aibu ya mtu aliyekabidhiwa mifugo ya mwenzake akarudi na kamba tupu.

Mjomba hakunigombeza. Alisema mbuzi wakikosa beberu, mtu huazima kwa jirani. Maneno hayo yalinipa nguvu, nikawapigia simu watu wa Nairobi mmoja mmoja, nikiwaomba vifaranga niwarudishe dimbwini. Jibu lao lilikuwa moja: wale samaki walikufa kwa uzee bila kuzaa, kwa sababu niliwapa madume tu. Ile kanuni niliyojivunia ndiyo iliyonifungia kila mlango. Katika tangi langu mwenyewe hakukuwa na jike hata mmoja.

Nimesoma kwamba mayai mengine huweza kulala kwenye tope zaidi ya msimu mmoja. Ndiyo maana kila mvua zikinyesha naenda Masalani. Tangi nimeliuza, ila sijaacha kuziangalia zile picha kwenye simu, na sitajisingizia kuwa nimeacha.

Safari hii mjomba alinikuta nimechuchumaa ukingoni, nikiyakodolea macho maji ya matope. Alisimama nyuma yangu mpaka mbuzi wakamaliza kunywa.

"Wakirudi, abti, utawaacha?"

Nikasema ndiyo. Lakini nilichelewa kujibu, na mjomba alisikia nilivyochelewa.